Miraba Kwenye Mdomo wa Bibi Arusi

Jambo la kwanza nililoliona kwa Papa Rigobert ni kwamba alivua miwani kila alipotaka kutazama kitu kwa makini. Akila, aliivaa. Akizungumza na mteja, aliivaa. Lakini ukimwekea video kwenye kompyuta, aliivua, akaiweka juu ya robota la vitenge, akarudisha kichwa nyuma na kufinya macho kama mtu anayeonja ndimu. Nilidhani ananitania. Baadaye nikaelewa kwamba video mbovu humpendeza zaidi mtu asiyeona vizuri, na kwamba Papa Rigobert alikuwa ameijenga kazi yake juu ya ukweli huo.

Nilimwendea kwa ajili ya mahafali yangu. Mwenzangu mmoja alinipiga video wakati nikipokea shahada, akaituma kwenye kundi la darasa; kutoka huko nikampelekea dada yangu Emmanuella aliye Uvira; yeye akawagawia shangazi zetu; simu yangu ikaharibika, ikabidi nimwombe shangazi mmoja anirudishie. Iliporudi Brussels baada ya safari hiyo yote, nilikuwa nimebaki miraba michache myeusi inayopokea mraba mmoja mweupe kutoka kwa rundo la miraba myekundu. Rundo hilo lilikuwa mkuu wa kitivo.

Papa Rigobert alitazama, akafinya macho, akanipongeza kwa kuwa nimesoma. Kisha akanieleza yaliyonipata. Simu haitaki kubeba mzigo mkubwa, kwa hiyo kabla ya kutuma video huibana: huikata picha katika miraba midogo, na ndani ya kila mraba hubakiza kilicho muhimu na kutupa kilichosalia. Mtu wa pili akiituma, inabanwa tena. Wa tatu vilevile. Mwishowe miraba inaonekana kama vigae vya bafuni, na mtu aliyekuwa ndani ya picha anakuwa ukuta. Kazi yake yeye ni kulainisha kingo za miraba hiyo, kulinganisha picha zinazofuatana, na kuokota kutoka kila moja kile kidogo kilichosalimika.

Nilimwuliza kwa shauku kama basi uso wangu ungerudi kama ulivyokuwa.

"Monsieur l'universitaire," akasema, "sombe, majani ya muhogo, ikisha kutwangwa unaweza kutia mafuta, unaweza kutia vitunguu, itakuwa nzuri kabisa. Lakini kurudisha majani, non. Miye niko napika sombe. Majani sirudishaka."

Alizaliwa Likasi, akasomea umeme katika shule ya ufundi ya huko. Siku hizi ni dereva wa basi la shule upande wa Etterbeek: asubuhi anawapeleka watoto, alasiri anawarudisha nyumbani, na katikati yake anakaa nyuma ya duka la vitenge la mkewe, Maman Claudine, kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, kati ya muuza nywele upande mmoja na ofisi ya kutuma pesa upande mwingine. Huko ndiko iliko meza yake.

Aliingia katika ufundi huu kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita, jamaa walimtumia video ya matanga ya mjomba wake. Katikati ya waombolezaji akamtambua Omari, rafiki yake wa utotoni aliyepotea tangu ujana wao. Akafurahi hata machozi yakamtoka. Akawapigia simu watu wa Likasi, wa Lubumbashi, hata wa Kolwezi, akiwatangazia kwamba Omari yuko hai na amenenepa. Watu wa Likasi wakaenda kuuliza nyumbani kwa marehemu. Omari alikuwa pipa la maji lililofunikwa kitenge. Tangu hapo, anasema, aliapa kwamba hatamtambua tena mtu yeyote kabla ya kumsafisha.

Hata hivyo hakuwa fundi asiyekosea. Mwanzoni alikuwa na mkono mzito. Akina mama wa chama kimoja cha Schaerbeek walimletea video ya sherehe yao, wote wamevaa sare ya kitenge chenye vidirisha vya bluu na manjano, walichokichagua kwa mabishano makubwa. Papa Rigobert akawasha kichujio cha kulainishia miraba, akakilegezea kamba. Kichujio kikaona vidirisha, kikadhani ni miraba ya ubovu, kikavifuta vyote. Akina mama wakajikuta wanacheza ndani ya mashuka ya kijani. Walikuja dukani kwa pamoja, na Maman Claudine, ambaye ndiye aliyewauzia kile kitenge, ilimbidi asimame mlangoni kumkinga mumewe.

Hayo yote ni utangulizi. Kazi iliyomnyima usingizi Papa Rigobert ilikuwa video ya harusi yake mwenyewe.

Lazima nieleze desturi kwanza, kwa kuwa wasomaji wa kwingine huenda wakashangaa. Kwa watu wa huko kwetu, bibi arusi hacheki. Anaacha nyumba ya wazazi wake. Akicheka, watu watauliza alikuwa anateswa na nini huko hata afurahie kuondoka. Basi anainamisha uso, anafunga mdomo, na kadiri anavyoonekana mwenye huzuni ndivyo wazazi wake wanavyoheshimiwa. Maman Claudine aliolewa kanisani Likasi, miaka ya mwisho ya tisini, na anaapa kwamba alifunga mdomo tangu mlangoni hadi altareni. Dada wa Papa Rigobert, Tantine Victorine, ambaye naye amehamia Brussels na anakaa Schaerbeek, anasema alimwona kwa macho yake akicheka mbele ya padri. Wawili hawa wanapendana, wanapikiana, wanatunzana wakiugua. Lakini jambo hilo halijawahi kuzikwa.

"Miye sikuchekaka," Maman Claudine husema. "Jua ilikuwa inanipiga mu macho, njo nikakunja uso."

"Jua mu kanisa, belle-sœur?" Tantine Victorine humjibu wifi yake. "Toit, paa yenyewe, ilikuwa imefunguka?"

Mtu angeuliza kwa nini wasimwulize bwana arusi, aliyekuwa amesimama pale pale. Nami niliuliza. Papa Rigobert alinijibu kwa utulivu kwamba bwana arusi naye hutakiwa kutazama mbele tu, na zaidi ya hayo, siku ile walimvua miwani ili apendeze. Hakumwona mkewe. Alimwona padri kwa sababu padri alikuwa mnene.

Ugomvi huu ungebaki mchezo wa mezani kama binti yao, Océane, asingeposwa. Mchumba wake ni Ushindi, kijana wa Goma, mhasibu, mpole, anayependa kusaidia. Ndoa ikapangwa. Jioni ya kuamkia harusi mtu mzima mmoja wa kike huketi faraghani na bibi arusi, mlango umefungwa, akampa mashauri: namna ya kusimama, namna ya kutazama, namna ya kukaa na mume. Kwa kawaida shangazi ndiye huchukua nafasi hiyo. Maman Claudine akaitaka yeye mwenyewe. Tantine Victorine akasema, mbele ya familia yote, kwamba mtu aliyecheka katika harusi yake atamfundisha nini mtoto.

Na mtoto alihitaji kufundishwa kweli. Océane amezaliwa hapa. Aliwaambia mama na shangazi, kwa Kifaransa chake cha haraka, kwamba yeye atacheka tangu nyumba ya komuni, ofisi ya serikali inayofungisha ndoa, hadi ukumbini, kwa kuwa mpiga picha ameomba hivyo na kwa kuwa ana furaha. Wanawake wale wawili walishikana mikono kwa hofu. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana juu ya kitu tangu ile harusi ya Likasi.

Siku chache baadaye nilimkuta Maman Claudine peke yake dukani, akikunja vitenge ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa. Nilimwuliza kwa nini asimwachie tu wifi yake jioni hiyo moja, amani ipatikane. Hakunikasirikia.

"Nimemuzaa, nimemusuka nywele, nimemupeleka shule na bus ya baba yake," akasema. "Ile mangaribi moja ya mwisho, nimuachie mwingine? Na juu ya kitu yenye sikufanyaka?"

Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba video itatoa hukumu. Mdomo ukiwa umefungwa, Maman Claudine ataketi na binti yake. Meno yakionekana, Tantine Victorine.

Tatizo ni video yenyewe. Iliyokuwapo ilikuwa imepigwa kwenye kaseti, ikanakiliwa kwenye diski. Diski ikachezwa kwenye televisheni ya jirani, mtu akaipiga video kwa simu kutoka kwenye kochi, akaituma kwenye kundi la familia, na kundi likaizungusha kama sinia la karanga. Bibi arusi alikuwa na shela, na chini ya shela palikuwa na miraba mitatu ya rangi ya kahawia. Mmoja wa miraba hiyo ulikuwa mdomo.

Papa Rigobert alivua miwani akaanza. Kila mchana, kati ya safari zake mbili za basi, aliisogeza video picha moja baada ya nyingine. Akilainisha kidogo, uso wa mkewe unabaki ukuta wa matofali. Akizidisha, unakuwa uji. Alijaribu kukusanya picha zote ambazo bibi arusi hakutikisa kichwa, akaziweka moja juu ya nyingine ili lililopotea hapa lipatikane pale. Uso ulianza kuja: shavu, hereni, ncha ya pua. Mdomo ukawa mstari. Ulikuwa mstari wa mtu anayecheka, au anayemeza mate, au anayezuia kupiga chafya.

Habari hiyo ilimfikia Maman Claudine, naye akamletea mumewe chai, akaketi karibu, akamwuliza kwa sauti laini kama kompyuta yake haina namna ya kukaza ule mstari kidogo tu, mwishoni pale. Papa Rigobert akasema hapana. Yeye anasafisha, hachori. Wiki ile alikula mkate. Tantine Victorine naye aliposikia kaka yake anakula mkate, akaja na sahani ya makayabu, wale samaki wa chumvi, na bukari ya moto, ugali wa kwetu, akasema ni huruma ya dada tu, hakuna kingine, na alipokuwa anaondoka akakumbusha kwamba kazi nzuri ni ile isiyoguswaguswa sana. Papa Rigobert alikula makayabu yote, akarudi kwenye mstari wake, na hakuusogeza upande wowote. Nilimheshimu sana wiki hiyo. Nadhani ndiyo wiki niliyoamua kuandika habari zake.

Hapo ndipo Ushindi aliposaidia.

Aliona wakwe zake wanateseka. Simuni mwake alikuwa na programu inayojisifu kuwa na akili bandia, ambayo unaipa picha mbovu nayo inakurudishia picha safi kama ya gazeti. Akachukua ile video, akaitia humo, na bila kuitazama hadi mwisho akaituma kwenye kundi la familia, pamoja na maneno ya heshima: kwa wazazi wangu wapendwa, tatizo limekwisha.

Maman Claudine alikuwa anampimia mteja kitenge simu ilipolia. Akafungua. Akajiona ana miaka ishirini na miwili, ngozi haina hata kipele, anacheka kwa meno yote, meno meupe kama bakuli, mbele ya padri. Mkasi ukaanguka. Kabla haujaokotwa, Tantine Victorine alikuwa ameshapanda tramu.

Jumapili baada ya misa tulijaa nyuma ya duka. Tantine Victorine alikuwa amevaa kana kwamba anakwenda kupokea nishani. Ushindi alikaa pembeni akitazama viatu vyake. Océane alikuwa amemshika mkono, na alikuwa anajizuia kucheka, jambo ambalo shangazi yake alilipokea kama dalili njema. Tantine Victorine akasema hana maneno mengi, video imesema. Akaomba tu kujua ni saa ngapi ile jioni aje na viti.

Papa Rigobert hakubisha. Alivaa miwani, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya mbele ya kompyuta, akaiweka video ya Ushindi kwenye kioo kikubwa, akasema tutazame vizuri, polepole, kila mtu. Hakuanza na bibi arusi. Alituonyesha padri, ambaye alikuwa mnene na mwenye ndevu za mvi, na sasa alikuwa na kidevu cha kijana na midomo iliyopakwa rangi. Alituonyesha kwaya: waimbaji wote wa sauti ya tatu walikuwa na uso mmoja. Alituonyesha spika mbili za kanisa zilizosimama nyuma ya kwaya. Zilikuwa zimeota nyusi.

"Ile machine haikuone kitu," akasema. "Imekuta shimo, ikajaza na sura za batu yenye inajua. Na batu yenye inajua, bote banachekaka. Photo za ku réclame, za matangazo."

Tantine Victorine akajibu kwamba spika ni spika, na Claudine ni Claudine. Mashine inaweza kukosea spika. Kaka yake akatikisa kichwa kukubali, akasogeza video mbele kidogo, akaisimamisha kwenye safu ya kwanza ya viti.

Pale alikuwa ameketi baba yao, mzee Constant, Mungu amrehemu. Baiskeli ilimwangusha alipokuwa kijana, akapoteza meno yote ya mbele, na tangu siku hiyo hakuna mtoto wake aliyemwona akifungua mdomo mbele ya watu. Hata picha ya kitambulisho alipigwa mdomo umefungwa kama bahasha. Na sasa, kwenye kioo cha nyuma ya duka, mzee Constant alikuwa anacheka. Alikuwa na meno yote. Alikuwa nayo hata kupita kiasi.

Niliogopa kwamba Tantine Victorine ataondoka kwa hasira. Alisogea hadi karibu kabisa na kioo, mkoba wake kifuani.

"Papa hana meno," akasema.

"Hana," kaka yake akasema.

"Bon. Ni bongo, inadanganya." Akaendelea kutazama. Kisha akamgeukia Ushindi, ambaye alikuwa tayari ameanza kuomba msamaha. "Ni bongo, mutoto wangu. Lakini ile ya papa, unitumie."

Hukumu ikarudi mahali pake, yaani hakuna hukumu. Papa Rigobert akaieleza familia kile alichonieleza mimi siku ya kwanza, kwamba sombe haiwi majani, na kwamba jibu, kama lipo, limo ndani ya kaseti yenyewe na si kwingine. Basi wote wawili, wifi na wifi, wakamgeukia kwa pamoja wakamwuliza kaseti iko wapi, na kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo. Alisema alisema. Walisema hakusema kwa sauti.

Kaseti ilikuwa kwa Tonton Hervé, mdogo wa Papa Rigobert na Tantine Victorine, aliyebaki Likasi. Ndiye aliyeipiga harusi kwa kamera ya kuazima, na pande zote mbili zinamwamini kwa sababu siku zote amekuwa mvivu mno kudanganya. Kwa bahati alikuwa ameshapata viza ya kuja kwenye harusi ya Océane. Aliulizwa. Kesho yake akatuma ujumbe wa sauti. Tuliusikiliza dukani, simu juu ya kaunta, wateja nao wakisikiliza.

"Cassette iko," sauti ya Hervé ikasema. "Ilikuwa chini ya muguu ya meza, nimeitosha, meza sasa inacheza. Nitakuja nayo mu valise. Lakini grand frère, sikumbuke bien kama sikurekodie match ya mpira juu yake. Kama nilirekodi, ni nusu ya pili tu."

Tangu hapo duka halina amani. Wanajadili nusu ya pili ilianzia wapi. Maman Claudine anasema padri alichelewa, kwa hiyo altare iko mwanzoni mwa kaseti, salama. Tantine Victorine anasema padri alichelewa, kwa hiyo altare iko mwishoni, chini ya mpira. Papa Rigobert alikwenda kwenye soko la vitu vikuukuu la Place du Jeu de Balle, akarudi na mashine ya kuchezea kaseti, nzito kama jiwe la kusagia, akaifungua na kuisafisha ndani kwa pamba na spiriti. Kwa majaribio akaitia kaseti ya zamani ya katuni aliyopewa na muuzaji, nasi tukaitazama yote, watu wazima tumekaa kwenye marobota, kwa heshima kubwa.

Nilimwuliza siri yake: angependa kaseti ionyeshe nini. Aliwaza. Akasema kama Claudine alicheka, basi alicheka kwa sababu ya kuolewa na yeye, na hilo si jambo baya kwa mume kulijua baada ya miaka yote hii. Kisha akaniomba nisiyaandike maneno hayo, mkewe asije akayasoma. Maman Claudine hasomi makala ndefu, kwa hiyo nimeyaandika.

Leo ni Jumamosi, na tuko kwenye uwanja wa ndege wa Zaventem, kwenye uzio wa wanaowasili. Océane ameleta maua. Ushindi ameleta simu, lakini ameambiwa aiweke mfukoni. Ndege ya Addis imeshatua. Hervé ameandika kwamba yuko kwenye mkanda wa mizigo, na kwamba valisi moja imetoka na nyingine bado, naye hakumbuki kaseti aliiweka katika ipi. Maman Claudine amesimama karibu na mlango akiwa na koti la baridi la shemeji yake mikononi. Tantine Victorine amesimama kando yake. Kila mlango unapofunguka na kutoa mtu mwingine, wanasogea mbele pamoja, na Tantine Victorine anasogea kidogo zaidi.

Mlango umefunguka tena. Ni mama mwenye mtoto mgongoni. Nyuma yake kuna kigari cha mizigo kinachosukumwa na mtu asiyeonekana bado, na juu ya kigari kuna valisi mbili.